Hodi ya Adhuhuri

Bi Jaha alikuwa ukumbini akichambua mchele, jua limesimama utosini na mtaa mzima wa Shela, hapo Malindi, umenyamaza kimya. Akainua uso akasema, "Karibu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Wala hakuna aliyepiga hodi.

Bintiye, Widad, alimsikia kutoka jikoni. Mwingine angesisimkwa mwili. Yeye aliendelea kukuna nazi. Tangu mumewe Uweis afe kwa ajali ya gari kule Kikambala, hakuna jambo lililomfika moyoni. Hakulia mazikoni, hakulia edani. Majirani wakamsifu: mashallah, Widad ana subira. Hakuwaambia kuwa haikuwa subira. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa, ila hii ilikuwa ya kifua.

Kesho yake adhuhuri ikawa vile vile. "Karibu, pita." Safari hii Widad alitoka kutazama. Mamake hakuelekea mlango wa nje. Alielekea chumba cha Widad, na humo ilikuwa ikitoka harufu ya nywele zilizoungua.

"Mama, wamkaribisha nani?"

"Sema polepole, atakusikia," Bi Jaha alinong'ona, macho yamemtoka. "Hodi haitoki nje, mwanangu. Yatoka chumbani kwako."

Tangu siku hiyo Bi Jaha hakulala. Akakataa chakula, akawa anawachanganya watu majina. Jamaa wakamleta Mwaro, mganga wa pepo kutoka Marafa. Mwaro alimfunika mama shuka, akafukiza ubani wa kila kabila la pepo, wa Kiarabu, wa Kisomali, wa bara, kila moja akiliita kwa wimbo wake, maana pepo hatolewi mpaka ajulikane ni wa wapi, na mama chini ya shuka asitikisike wala asipandwe na kitu, akiguna tu, ilhali moshi, pasipo hata chembe ya upepo, ulijikusanya ukanyooka kama kamba hadi pale mlangoni aliposimama Widad, ukamwingia puani, ukaendelea kumwingia, na alipotoa pumzi hakikutoka kitu.

Mwaro aliangusha chetezo.

"Huyu mama ana maradhi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Mpelekeni hospitali." Akaondoka bila kumtazama Widad.

Wakaenda kwa Dakta Gerishom, tabibu wa maradhi ya akili. Alimwamkia Bi Jaha shikamoo, akauliza mengi, kisha akaagiza apimwe damu na mkojo.

"Mkojo wa nini, dakta?" Widad aliuliza. "Tatizo ni kichwa."

"Malaria twaiona kwenye damu, dada. Maradhi ya akili hayana kipimo kama hicho. Twayajua kwa dalili: ni zipi, zimeanza lini, zimemzuia mtu kufanya nini. Lakini kabla sijayapa jina, nihakikishe kwanza si mwili unaomsumbua."

Na kweli ulikuwa mwili. Mkojo ulikuwa na maambukizi, na kwa wazee, alieleza daktari, hayo pekee yaweza kuvuruga akili ghafla. Bi Jaha alimeza dawa. Waliporudi kuonana na daktari alikuwa anakula, analala, na kila mtu anamwita kwa jina lake.

Safari hii yeye ndiye aliyemwomba daktari. "Mwanangu, nitazamie na huyu. Amefiwa na mume na hajalia."

Daktari akamgeukia Widad. "Wapata usingizi?"

"Nalala."

"Chakula?"

"Nakula."

"Kina ladha?"

Widad alifikiri. "La."

"Kuna kitu chakufurahisha? Au chakuumiza?"

"Hakuna."

Daktari aliitikia kwa kichwa taratibu. "Yaweza kuwa sonona, dada, maradhi ya huzuni inayozima hisia. Si aibu, na ina matibabu. Niambie tu, hali hii ya kutohisi kitu imeanza lini?"

Widad alifungua kinywa aseme, tangu Uweis afe. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka, na haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kumjua.

"Tangu nilipoingia."

Bi Jaha alipiga ukelele. Daktari alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga ukuta. Widad aliwatazama wote wawili. Alijua kwamba hapo ndipo mtu huogopa, akangoja hofu ije.

Haikuja.