Sauti ya Kompyuta ya Musili

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mutindi humshika Musili mkono na kwenda naye chumba cha kompyuta. Musili haoni. Kompyuta yake, ile ya karibu na dirisha, ina programu inayomsomea kwa sauti kila kilicho kwenye skrini. Bila hiyo hawezi kufanya mtihani wowote katika shule yao, nje kidogo ya mji wa Machakos.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mtihani wa sayansi, na kompyuta ilikuwa kimya. Musili alibonyeza, akabonyeza tena.

"Mbona haisemi? Mutindi, hebu niambie kumeandikwa nini."

Mutindi akasoma. "Leseni hii ni ya kompyuta moja. Imefungwa kwa kuwa inatumika kwenye kompyuta nyingi."

Sababu aliijua sana. Jana jioni wenzake wa chama cha kompyuta cha shule walivunjika mbavu kusikia ile sauti ikitamka majina yao ya Kikamba kama mgeni aliyeshuka ndege juzi. Kila mmoja akataka yake. Mutindi, ambaye kwa mambo ya kompyuta hashikiki, akaiweka programu kwenye kompyuta zote za chumba kwa namba ileile ya leseni. Sifa nazo ni tamu jamani.

Sasa hakukalika. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama. Akisema, huenda akatolewa kwenye chama cha kompyuta. Asiposema, Musili atakaa mikono mitupu wenzake wakiandika.

"Viatu vyako havitulii," Musili alisema. "Kuna nini?"

"Ni mimi nimeifungisha," Mutindi akajibu, akatoka mbio kumwita Mwalimu Wayua, mlezi wa chama.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakugomba, na hilo lilimuuma Mutindi zaidi. Akawapigia simu waliowauzia programu, akawaeleza bila kuficha. Wakasema iondolewe kwanza kwenye kompyuta nyingine zote, ndipo waifungue ya Musili. Mutindi akaiondoa moja baada ya nyingine, huku wanafunzi wakiingia darasa la jirani kwa mtihani. Alipomaliza ya mwisho, simu ikalia: wauzaji walikuwa wameifungua ya Musili.

"Washa, Musili," Mwalimu akasema.

"Mtihani wa sayansi," ikatamka kompyuta ya dirishani.

Mutindi akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, nilidhani tukishanunua ni yetu, tufanye tupendavyo."

"Tulinunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa yenyewe ni ya kompyuta moja. Ukitaka ya pili, unaomba au unalipia nyingine. Kuna watu walioitolea jasho. Na wewe uligawa kisicho chako, aliyekikosa akawa Musili. Siku nyingine soma masharti kabla ya kubonyeza kwamba umekubali. Kesho utawaeleza wenzako wa chama hayo yote."

"Kwa hivyo bado niko kwenye chama?"

Kabla Mwalimu hajajibu, Musili aliandika kitu upesi. Ile sauti ikasoma, ikilivuruga jina kama kawaida yake: "Mutindi, nenda kafanye mtihani wako."

Mwalimu Wayua akacheka. Mutindi akaenda.