Kipimo cha Kifuani

Asubuhi ile Fundi aliamka na furaha zake. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, mtu wa mikono hodari na majigambo mengi zaidi ya mikono, na bwawa alilokuwa akilijenga nyuma ya nyumba lilikuwa limemvimbisha kichwa. Kusema haki, halikuwa la mchezo. Kando yake alisimamisha mnara wa mabomba ya chuma, akatundika bembea za matairi na daraja la kamba, kisha akaunga mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa katikati yakawa mtelezo mrefu wa kushuka kutoka juu ya mnara mpaka majini. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya binti yake wa pekee, ambaye nyumbani walimwita Malkia. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hilo hakuna aliyewahi kulibisha.

Siku hiyo kilibaki kipimo. Kwa kitu cha mtoto, Fundi hakuamini futi. Aliamini mwili: unamsimamisha mtoto ndani ya shimo, unachora mstari kifuani pake, na maji hayavuki hapo. Malkia akavua viatu ateremke.

"Wewe, rudi!" Fundi akamkemea. "Saruji mbichi inakula ngozi."

Akageukia uzio wa mabati, akapiga mluzi. Upande wa pili aliishi mshonaji, mjane aliyeshonea mtaa mzima hapo barazani kwake, pamoja na bintiye mdogo aliyebandikwa jina la Sisimizi kwa udogo wa umbo. Mtoto akapenya kwenye pengo la bati.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Shuka humo nikupime."

Sisimizi alikuwa mfupi kuliko Malkia kwa shibiri nzima, na Fundi aliona hesabu imekubali. Maji yakimfika huyu kifuani, wangu atakuwa salama salimini. Kwamba huyu naye ana ngozi, hilo halikumjia. Au lilimjia akalipuuza. Mtoto akasimama pekupeku kwenye lipu iliyolowa, ameng'ata meno, huku Fundi akichora taratibu kwa penseli bapa ya seremala.

"Hata ukidondoka humu, maji yatakufika hapa tu," alimwambia akimgusa kifua. "Na siku ya kufungua, wewe utateleza wa kwanza."

"Kweli, Fundi?"

"Kweli kabisa."

Jioni nyayo za mtoto zilikuwa zimebabuka. Mshonaji alizipaka mafuta, akaja mpaka kwenye bati. "Ungeniambia, jirani, ningemvalisha hata viatu vya mpira." Fundi alicheka. Akasema ngozi ya watoto huota upya.

Wiki iliyofuata alijaza maji mpaka kwenye mstari, akajaribu mtelezo kwa gunia la mchanga. Gunia liligonga chini kwa kishindo. Maji yalikuwa machache mno mahali pale. Basi akayatoa, akavunja sakafu chini ya mtelezo, akachimba zaidi ya kimo cha mtu mzima, akapiga lipu upya. Malkia alikanywa asikaribie upande ule bila baba yake. Upande wa pili wa bati hakuna aliyeambiwa kitu. Ule mstari wa penseli ulibaki ukutani vilevile, na maji yakarudi mpaka pale pale.

Siku ya kufungua, Sisimizi alikuja na gauni jipya la njano ambalo mama yake alikesha akilishona. Fundi alimzuia getini.

"Leo wageni tu. Na hizo nyayo zako zinatoa magamba, utanichafulia maji."

Wageni walipoondoka, Fundi na mkewe walikuwa wakipanga viti barazani. Walisikia maji yakipiga kule nyuma. Mkewe akanyanyua kichwa. Fundi akasema ni bembea imekatika, akaendelea na viti.

Walipokwenda, kitambaa cha njano kilikuwa kinaelea.

Mazikoni Fundi alijitetea kabla hajalaumiwa. "Hakuna aliyemwita mtoto wako pale," alisema, na watu walisikia.

"Ulimwita," mshonaji akajibu, macho makavu. "Siku ya kipimo ulimwita." Kisha akamgeukia Malkia, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, polepole, kama anavyowatazama wateja kabla hajachukua chaki. "Ulimpima wangu. Na mimi nitampima wako."

Tangu hapo cherehani hakikunyamaza mchana kutwa. Kupitia pengo la bati, Fundi alimwona akishona gauni la njano, la kitambaa kilekile. Anashona ubavu, anafumua, anapunguza. Anashona tena.

Mke wa Fundi ndiye aliyeona kwanza. Sketi ya shule ya Malkia ilikuwa inaburuta.

"Imelegea kiunoni," Fundi akasema.

"Haijalegea, Baba Malkia. Mtazame mikono."

Vidole vya mtoto havikuonekana. Mikono ya shati ilikuwa imevimeza.

Walikuwa na desturi ya kumpima kwenye fremu ya mlango wa sebule kila alipotimiza mwaka. Fundi akamsimamisha pale, akamwekea kiganja kichwani. Kiganja kilikuwa chini ya alama ya mwisho. Akamwambia asimame wima. Mtoto alikuwa wima.

Kesho yake kiganja kilishuka tena. Nyayo za Malkia zikaanza kubabuka, naye hajawahi kukanyaga saruji mbichi.

Fundi alitoa maji yote. Asubuhi yalikuwa yamerudi, mpaka kwenye mstari. Na juu ya mtelezo mkavu kulikuwa na nyayo ndogo zilizolowa. Hazikushuka. Zilipanda.

Akaogopa kwelikweli. Akaangusha mnara. Akakata bembea. Akamwaga kifusi mpaka bwawa likawa ardhi tupu. Akarudi mbio sebuleni, akampima mtoto.

Amepungua.

Alipenya mwenyewe kwenye pengo la bati, bati likamchana bega, akapiga magoti mbele ya cherehani.

"Dada, nakuomba. Nichukue mimi. Nipunguze mimi."

Mshonaji alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, hana haraka.

"Wewe hunitoshi," akanong'ona.

"Basi atafika wapi? Niambie atafika wapi!"

"Mpaka mstari wako umfike kifuani, Fundi. Si ulisema kifuani tu?" Akakata uzi kwa meno. Akalikung'uta gauni, akalitundika mlangoni. Lilikuwa limekwisha.

Mchana ule ule Malkia hakuwapo kitandani. Mama yake alizunguka nyumba nzima akiita. Fundi hakuita. Alijua pa kwenda. Alisimama kwenye bati, akachungulia.

Mtoto alikuwa katikati ya baraza, amempa mgongo. Gauni la njano lilimkaa sawasawa, mabegani, kiunoni, mpaka pindo. Mshonaji alikuwa amechuchumaa akimpaka mafuta nyayoni, akiimba kwa sauti ya chini.

"Malkia," Fundi akaita. "Malkia, mwanangu. Njoo kwa baba."

Mtoto akageuka. Sura ilikuwa ya Malkia, kovu la kidevuni lilikuwepo. Akamtazama bila chuki, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama jirani.

"Shikamoo, Fundi."

Mshonaji na mtoto walihama kabla jua halijazama. Fundi alijaribu kuwafuata. Miguu ilikataa, na mpaka leo haijakubali. Mkewe alirudi kwao. Hakumuaga.

Nyumba ile ya Fundi sasa ina wapangaji. Pale nyuma hayaoti hata majani. Ndani, ukuta wa kila chumba una mstari wa unyevu, umenyooka kama uliochorwa. Wamekwangua lipu, wamepaka rangi, umerudi. Hata wakati wa kiangazi unalowa. Nao una jambo moja ambalo wapangaji wameacha kuwaonyesha wageni: ukimsimamisha hapo mtoto yeyote, awe mrefu awe mfupi, unamfika kifuani.