Alimtoa Kwenye Kadi

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu walijazana mlangoni pake wakinung'unika kana kwamba ngazi hazijabuniwa. Mshona mapazia alikuwa mbele kabisa, gauni la kijani limemkaa vizuri, majora mawili ya kitambaa begani. Fundi lifti alipojitokeza na ovaroli yake iliyojaa grisi, alimwona, akasahau alichokuwa anatengeneza.

"Dada, mizigo hiyo unaipeleka ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Wewe tengeneza lifti, maswali baadaye."

"Hii haiponi leo. Lete jora moja nikusaidie."

"Na hiyo grisi yako?"

Akavua ovaroli palepale, akabaki na fulana na kaptura. Watu wakaangua kicheko. Kufika ghorofa ya nne alikuwa tayari anamwita Pazia, naye anaitwa Lifti. Yalianza hivyo, na mimi sitajifanya kwamba hayakuwa matamu.

Pazia alikuwa anashonea sebuleni kwa shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo. Alitaka duka. Benki ilimnyima mkopo kwa sababu faili lake la mikopo lilikuwa tupu: hajawahi kukopa, kwa hiyo hakuna anayejua kama hulipa. Mtu hajamdhulumu yeyote maishani mwake, halafu anaambiwa hajulikani.

"Mimi wananijua," Lifti alimwambia. "Kadi yangu ya mkopo sijawahi kuichelewesha. Nikikuongeza uwe mtumiaji wa pili, itaonekana kwenye faili lako pia, na sifa zake zote."

"Na nikikufilisi?"

"Kwa nyuzi na pindo, mpenzi? Nifilisi tu."

"Shangazi atauliza umenipa dawa gani."

"Mwambie nimekuazima jina. La ndoa linafuata."

Shangazi aliposimuliwa alicheka mpaka akashika kifua, kwa maana moyo wake haukuwa mzima. Na kweli, kadi ilipoonekana kwenye faili, duka moja likamkopesha Pazia cherehani ya umeme, akawa anailipa kila mwezi bila kukosa. Jina lake likaanza kuwa na uzito.

Kisha kampuni ya lifti ikafungwa. Fundi hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akaaga majirani, akazurura mjini mpaka jioni. Kodi alilipa kwa kadi, chakula kwa kadi. Siku ya kulipa deni la kadi ilipokaribia na mfukoni hamna kitu, alijua kuchelewa kwake kutaandikwa kwenye mafaili yote mawili, lake na la Pazia. Akaenda benki akawaambia wamtoe yule dada kwenye kadi. Kumtoa kulikuwa rahisi. Kumweleza sababu ndiko kulikomshinda. Mwanaume na aibu yake, jamani.

Pazia alikuja kujua hilo akiwa duka la vitambaa, vitambaa vya mteja vimeshakatwa, foleni nyuma yake.

"Dada, kadi hii haifanyi kazi," muuzaji alisema. "Nimepiga benki, wanasema mwenyewe amekutoa."

Akatoka nje uso unawaka, akampigia Lifti. Hakupokea. Jioni akapiga tena, kimya.

"Shangazi, nimemkosea nini?"

"Kapata mwingine huyo, mwanangu. Kakutoa wewe ili amwingize yeye."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Akakata shauri kwamba mlangoni kwa Lifti hatakanyaga.

Hazikupita siku nyingi, Shangazi akaanguka jikoni, mchana, mwiko ungali mkononi. Pazia aliketi sakafuni akampakata, na alipoona hapumui tena, mtu aliyemjia akilini alikuwa mmoja tu. Akampigia. Lifti aliitazama simu ikiita. Akadhani ni mambo ya kadi. Akaigeuza kifudifudi mezani, akangoja inyamaze. Ilinyamaza, ikaita tena, ikanyamaza.

Majirani ndio waliobeba jeneza.

Miezi ikapita. Pazia alirudi benki, na safari hii ofisa wa mikopo, mama mmoja mwenye miwani, alitabasamu.

"Cherehani umeilipa vizuri. Na ile kadi ya mtu uliyokuwemo naona umetolewa."

"Alinitoa kunikomoa."

"Labda. Ila wengi humtoa mwenzao wakiona wao wenyewe wanazama. Angekuacha humo akachelewa, doa lingekuwa lako pia, na mimi leo nisingekupa hata senti."

Pazia alitia saini fomu za mkopo. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Lifti. Alimkuta amekonda, shati limefifia rangi.

"Ulikuwa huna kazi," alimwambia hata kabla ya salamu.

Akainamisha kichwa. "Ningekuambia ungekataa kutoka. Ungesema tuzame wote."

"Ndiyo, ningesema hivyo."

"Sasa nimepata kibarua, nimeanza kulipa. Niliapa nikimaliza nakwenda kwa Shangazi, nimpigie magoti, nikuoe. Hajambo lakini? Bado ana hasira na mimi?"

Pazia alimtazama. Kumbe hakuwa na habari.

"Shangazi amefariki, Lifti. Siku ile nilipokupigia mchana, mara mbili mfululizo, nilikuwa nimempakata."

"Nilidhani..." Akashika fremu ya mlango. "Nilidhani unapiga kwa ajili ya kadi."

"Najua ulichodhani."

Alikaa kizingitini akalia kama mtoto. Pazia akakaa karibu yake, akamshika kichwa, wakalia pamoja, kwa sababu alikuwa anampenda bado, tena sana.

"Duka nimelipata," alisema alipoweza kusema. "Ni kwa sababu yako, na sitalisahau hilo. Lakini kuolewa na wewe siwezi."

"Nitabadilika, mpenzi. Kila ukipiga nitapokea."

"Utapokea, najua. Ila mimi kila nikipiga, kabla hujapokea, nitakuwa niko jikoni pale na Shangazi."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasimama, akashuka ngazi. Lifti aliita, "Pazia," akaita tena. Alisikia vizuri sana. Hakugeuka, kwani alijua angegeuka angerudi.