Madebe Nyuma ya Magunia

Kidawa hakuwa na viatu, hakuwa na sketi ya pili ya shule, na hakuwa na mama. Hakuwa na kaka wa kumsaidia kuchota maji wala dada wa kumsuka nywele. Nyumba waliyojenga walipohamia kijiji cha ujamaa cha Nambunda haikuwa na mlango, ila jamvi lililoning'inizwa. Shamba lao la zamani, lenye mikorosho iliyokuwa ikizaa vizuri, lilikuwa mbali na limemezwa na pori. Hata bibi hakuwa naye tena. Alifariki masika ya kwanza baada ya kuhama. Lakini alikuwa na baba, na baba yake, Abdulatifu, ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa kijiji. Kwa hiyo Kidawa hakujiona maskini.

Kila alipotoka shuleni alipitia nyumbani, akafunika bakuli la ugali na kisamvu, akampelekea baba yake ghalani. Mastura, binti wa jirani yao Huseni, hakukosa kumsindikiza, na hakukosa maneno.

"Wewe umeolewa na ghala," Mastura alimtania siku moja. "Wenzio tunacheza rede, wewe unabeba bakuli kama bi harusi."

"Na wewe unayenifuata nyuma ni nani? Kungwi wangu?"

Wakacheka mpaka mchuzi ukamwagika kidogo. Mastura aliishia mlangoni, kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa kuingia. Kidawa, mtoto wa mtunza ghala, aliingia. Ndani mlikuwa na magunia ya mahindi na mbaazi, na majembe ya kijiji. Nyuma ya magunia, chini ya majamvi makuukuu, kulikuwa na madebe yaliyochorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Yalinuka kama kitunguu saumu kilichooza.

"Baba, hii si dawa ya kupulizia mikorosho? Mbona imefunikwa?"

Abdulatifu alinawa mikono taratibu kabla ya kujibu. "Mwaka juzi tuliwaandikia wilayani kwamba tuna akiba ya dawa. Lori likaja, likaibeba yote, likaipeleka kijiji kingine. Maua ya mikorosho ya hapa kijijini yakanyauka huku tunaangalia. Safari hii Mwenyekiti ameandika kuwa ghala letu lina mahindi, mbaazi na majembe. Basi. Mtu akikuuliza, mwanangu, utasema nini?"

"Mahindi, mbaazi na majembe."

"Umefaulu," baba akasema, akamega tonge.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, wanakijiji walichoma moto shamba la pamoja kuliandaa kwa mvua. Ndivyo walivyofanya siku zote. Lakini asubuhi hiyo upepo uligeuka ghafla, ukarusha cheche mpaka kwenye paa la makuti la ghala. Mbiu ikapigwa. Wanafunzi wakatoka darasani mbio. Wanawake wakajipanga kutoka kisimani, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na wanaume wakaingia ghalani pekupeku kuokoa magunia.

"Okoeni mahindi!" Mzee Likwata, Mwenyekiti wa kijiji, alipaza sauti. "Ni chakula cha mwaka hicho! Mwageni maji!"

Abdulatifu alikuwa wa kwanza kuingia, na Huseni alimfuata. Mara paa la upande wa nyuma likaanguka, na ndani kukasikika mlio wa madebe yakipasuka. Moshi ukabadilika, ukawa mweupe na mzito. Maji ya ndoo yalichanganyika na kilichomwagika, na wanaume wakawa wanakikanyaga huku wamebeba magunia vichwani. Harufu ya kitunguu saumu ikamfikia Kidawa aliposimama. Akafumbua kinywa. Akamtazama Mzee Likwata, naye Mzee Likwata akamtazama. Kidawa akafumba kinywa.

Moto ukazimika. Magunia mengi yaliokolewa, na watu wakaanza kupongezana. Huseni alisema, "Mbona macho yangu yanaingia giza?" Akakaa chini. Udenda ulimtoka kama mtoto mchanga. Baada yake Abdulatifu akaanguka, jasho likimvuja, mwili ukimtetemeka. Kisha wengine watatu. Waliwabeba juu ya vitanda vya kamba hadi zahanati.

Tabibu wa zahanati alikuwa Eusebio, kijana kutoka Newala, aliyezoea kuwaamkia wazee wote wa kijiji kila asubuhi. Alifunua macho ya wagonjwa mmoja mmoja. Mboni zao zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano.

"Ghalani mlikuwa na nini?" akauliza.

"Mahindi," akajibu Mzee Likwata. "Na mbaazi. Na majembe."

"Mzee wangu, moshi wa mahindi haumtoi mtu udenda namna hii."

"Nimekwisha sema."

"Nisikilize, mzee wangu, nakuomba. Ninayo sindano. Kama hawa wamepatwa na aina fulani ya dawa ya wadudu, itawaokoa. Kama ni sumu nyingine, huenda sindano hiyohiyo ikawaua. Siwezi kumdunga mtu kwa kubahatisha. Mlikuwa na nini?"

Mzee Likwata alitazama sakafu. Kidawa alisimama mlangoni na kofia ya baba yake mkononi. Alijua jibu. Lakini tangu utotoni alifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hamkanushi mzee mbele ya watu. Tena akisema, baba yake ataitwa mwongo, labda atafungwa. Naye atabaki na nani? Akasubiri mtu mzima mmoja aseme. Hakuna aliyesema.

Pumzi za Huseni zilikoroma, zikapungua, zikakatika. Mkewe akaangua kilio. Mastura hakulia. Alishika mguu wa baba yake na kuutikisa, kama mtu anayemwamsha mwenziwe kwa ajili ya daku.

"Ni dawa ya mikorosho!" Kidawa akapiga ukelele. "Ina picha ya fuvu. Inanuka kitunguu saumu. Ilikuwa nyuma ya magunia!"

"Kidawa!" Mzee Likwata akakemea.

"Niliiona kwa macho yangu, mzee. Baba aliniambia nisiseme."

Eusebio alikuwa amekwisha vunja shingo ya kichupa cha dawa. Aliwadunga wote wanne waliobaki, huku akiamuru wavuliwe nguo na waoshwe kwa sabuni mwili mzima, na kila aliyewashika anawe. Alikaa nao akiwadunga tena na tena. Wanne wakapona. Huseni alizikwa jioni ileile.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Kuku waliokunywa maji yaliyotiririka kutoka ghalani walikufa. Eusebio akafunga kisima cha karibu, na wanawake wakawa wanafuata maji mbali, kwenye kijito kilichobakiwa na maji ya matope tu. Mahindi waliyoyafia yalinuka, yakazikwa shimoni.

Kidawa alikwenda kwa kina Mastura kutoa pole. Alimkuta Mastura uani.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati ule unaniita bi harusi."

Mastura akageuka. "Basi usije tena kwetu," akasema, akaingia ndani.

Abdulatifu alirudi nyumbani miguu yake ikiwa dhaifu na mikono ikitetemeka. Hata kikombe alishindwa kukishika. Jioni moja, Eusebio alipokuja kumtazama, alimkuta Mzee Likwata ameketi kando ya kitanda, amekonda kama aliyefunga mwezi mzima.

"Kuna mengine," Abdulatifu akasema.

"Mengine nini?" Eusebio akauliza.

"Madebe. Hatukuyaweka yote ghalani. Nusu yapo kwenye chumba cha nyuma ya darasa la nne."

Darasa la nne lilikuwa na watoto wadogo, na paa lake pia lilikuwa la makuti.

"Tukiandika, watatufunga," Mzee Likwata akasema kwa sauti ndogo.

"Watufunge, Mwenyekiti. Huseni amekwisha fungwa kule asikotoka mtu. Kidawa, leta karatasi. Mimi mkono wangu hauandiki."

Kidawa akaandika kwa Mkuu wa Wilaya, nakala kwa polisi na kwa hospitali. Baba yake akimtajia, akaandika jina la dawa, mahali ilipo, ilifika lini, na madebe yapi yanavuja. Akaandika pia yaliyoungua, na kisima kilichoharibika. Mzee Likwata alitia sahihi yake chini, herufi kubwa zilizopinda. Machozi yalimdondoka akayafuta kwa kanzu.

Eusebio akaisoma barua yote, kisha akamgeukia Kidawa.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekuja kuzima moto, na mimi ninayetibu, tunaingia kama vipofu. Macho yetu ni maneno yenu. Sumu ikijulikana ilipo, watu wataikwepa, na ikimpata mtu tutajua la kufanya. Ikifichwa, hata kwa nia ya kukisaidia kijiji, inaua kwanza wale tuliotaka kuwasaidia. Na adabu, binti yangu, si kunyamaza roho ya mtu inapotoka. Sema kwa heshima, lakini sema, na sema mapema."

"Mimi nilichelewa," Kidawa akasema.

"Ulichelewa. Sitakudanganya. Lakini wanne wanapumua kwa sababu hatimaye ulisema, na watoto wa darasa la nne hawajadhurika bado. Shika hilo, na lile lingine usilisahau."

Asubuhi, watoto wa darasa la nne walisomea nje, mbali na jengo. Lori la kuelekea Masoko, mji wenye ofisi za wilaya, lilisimama barabarani, na Nikodemu, dereva wake, akateremka kukagua magurudumu. Bahasha haikuwa na gundi. Kidawa alikwangua utomvu kwenye gome la mkorosho, akaupaka ukingoni, akabana kwa kidole gumba mpaka ukashika.

"Ni ya haraka, baba," akamwambia Nikodemu. "Mpe Mkuu wa Wilaya mkononi. Usimwachie mtu mwingine."

Nikodemu akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akawasha lori.