Boti Iliyokuwa Mahali Pawili

Jumatatu hiyo duka la vifaa vya umeme lilifurika watu hadi mlangoni, kila mmoja amenyoosha mkono juu ya kaunta akitaja shida yake kwa sauti kubwa kuliko mwenzake. Katikati ya msongamano alisimama binti mwenye gauni la rangi ya chungwa na viatu vyeupe vilivyokwisha kukanyagwa mara tatu. Alitaka betri za saa ya ukutani, basi, na alikuwa ameanza kujilaumu kwa kuja.

"Kaka, naomba betri ndogo mbili," aliita. "Mbili. Narudia, mbili."

Nyuma yake kitu kikaanguka, na fyuzi zikatawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Alipogeuka alimkuta kijana mrefu wa ovaroli ya bluu, bisibisi tatu kifuani, mdomo wazi.

"Sema tena," kijana akasema.

"Niseme nini?"

"Hiyo 'narudia' yako. Wewe ndiye Sauti!"

Kweli ndivyo watu wa boti walivyomwita. Alifanya kazi ghorofani katika ofisi ya gati la boti za starehe, mbele ya redio ya mawasiliano na skrini pana, akiwaeleza wenye boti upepo ukoje, nani ampishe nani na wapi pa kufunga kamba. Watu mia walimjua kwa sauti, na hawakufika kumi waliomjua kwa sura.

"Na wewe ni nani?"

"Fundi. Nafunga skrini za ramani, vipima kina, redio. Mwaka mzima nikimaliza kufunga redio ya mtu, nakuita wewe kuijaribu, unanijibu 'nakusikia vizuri.' Nikwambie siri? Siku nyingine redio ni nzima kabisa, ila naijaribu tena."

Sauti akacheka hadi mwenye duka akawatazama. "Kumbe ni wewe! Kuna redio moja uliijaribu mara sita."

"Saba. Mara ya saba alipokea mwenzako mwenye mafua."

Walichuchumaa wakaokota fyuzi pamoja katikati ya miguu ya watu. Moja iliwashinda, ilijificha chini ya kabati, lakini Fundi alitoka pale na namba ya simu, na hiyo fyuzi hakuitafuta tena.

Penzi ni kikohozi, na wao walikohoa mchana kweupe. Fundi alipiga simu saa saba kila siku, akiwa amekunjamana ndani ya kabati la usukani wa boti ya tajiri fulani.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula vumbi. Sema basi."

"Nakusikia vizuri, mpenzi."

"Haya, sasa naweza kufanya kazi."

Fundi alimfundisha mengi. Alimweleza kuhusu kile kidude kisichozidi ukubwa wa sanduku la viatu, ambacho kila boti ya maana hufungiwa, kinachotangaza hewani bila kuchoka: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule. Ndicho kilichofanya boti zionekane kwenye skrini ya Sauti kama pembetatu ndogo, kila moja na jina lake. Ndani ya kila kidude kuna namba moja tu, kama kitambulisho cha mtu.

Fundi mwenyewe alikuwa na boti kuukuu, Sina Haraka, aliyoinunua ikiwa haifai hata kufugia kuku. Ilikaa juu ya magogo karakanani, injini imeteremshwa, naye aliishughulikia kila Jumamosi, siku ambayo Sauti alikuwa zamu. Kumwonyesha alikataa katakata.

"Sasa hivi haina pua wala macho. Utaiona siku imepambwa."

"Na mimi ukiniona sijapambwa je?"

"Wewe hujawahi kuwa hujapambwa."

Sauti alijifanya hakusikia. Alitaka kumwamini, na aliogopa kumwamini. Maana kabla ya Fundi aliwahi kuwa na mchumba ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa "safarini kikazi." Safari yenyewe ilikuwa mtaa wa tatu, kwa mkewe na watoto wawili. Sauti aligundua kwa kujibanza nyuma ya ukuta kama mwizi, na aibu ya kule kujibanza ilimuuma kuliko hata kuachwa. Kwa hiyo Fundi alipoanza kutaja neno ndoa, alimwambia mapema: "Sitaki tajiri, wala sitaki mwanamume mzuri."

"Hapo kwenye uzuri umechelewa, umeshampata."

"Acha utani. Nataka mtu akisema yuko mahali, awe hapo. Basi."

"Hilo tu? Nitamtuma mjomba wangu kwenu kabla mwezi haujaisha."

Mama Mdogo, aliyemlea Sauti na ambaye bado walikaa naye nyumba moja, alianza kuosha mapazia siku ileile.

Jumamosi ya kwanza, saa nne asubuhi, Sauti alikuwa anapuliza chai yake alipoiona pembetatu mpya ikitoka ng'ambo ya ghuba. Akasogeza uso. Sina Haraka. Ilikuwa inakwenda kwa mwendo wa kuridhisha kabisa kuelekea kisiwani, kule kwenye hoteli ya vyumba vilivyojengwa juu ya maji, ambako watu huenda wawiliwawili.

Akapiga simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Karakana, nimelala chini ya boti, nimeuma bisibisi. Kwani vipi?"

"Hamna. Nilikukumbuka tu."

Pembetatu ikafika kisiwani, ikatulia hadi saa tisa. Sauti hakunywa ile chai. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa ameona kitu kirefu kuliko unyasi.

Jumamosi ya pili ikawa yaleyale: Sina Haraka kisiwani, Fundi "karakana." Jioni alimwaga yote mbele ya Mama Mdogo.

"Nenda karakana ukaone," Mama Mdogo akasema. "Macho hayana pazia."

"Siendi. Nilishachungulia mwanamume mmoja, inatosha."

"Basi muulize."

"Nimemuuliza yuko wapi, amenidanganya. Nimuulize mara ngapi?"

"Mwanangu, mimi hiyo skrini siijui. Lakini yule kijana juzi alinitengenezea pasi, akakataa hata soda. Mtu wa hila hakatai soda."

Sauti hakucheka. Alichukua simu, akampigia Fundi, akamwambia, "Mjomba wako asije," akakata. Wiki nzima simu iliita. Wiki nzima hakupokea, na wiki nzima alilia akioga, ili Mama Mdogo asisikie, naye Mama Mdogo alisikia kila siku.

Jumamosi ya tatu alivaa sketi nyeusi na blauzi iliyofungwa hadi shingoni, akaenda kazini kama aendaye mahakamani. Saa nne ilipofika, Sina Haraka hiyo, inakata maji. Na simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kazini kwako. Niko chini, kwenye ngazi."

"Muongo! Muongo mkubwa! Nakuona hapa kwenye skrini, umeshapita boya la pili!"

"Mimi?"

Hatua zikapanda ngazi mbilimbili, mlango ukafunguka, na Fundi akasimama pale, ovaroli imelowa jasho, simu bado sikioni. Sauti akamtazama yeye, akaitazama skrini, akamtazama tena yeye. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Lakini hasira yake ilikuwa imeshika mteremko, na hasira haina breki. Aliubwaga mkoba wake mezani kwa kishindo.

"Basi leo umempa aendeshe mwenyewe! Huyo mwanamke wako wa kisiwani! Kila Jumamosi unampeleka kwenye vyumba vya juu ya maji, mimi nakaa hapa nawaelekeza watu pa kufunga kamba, na wewe unaniambia umelala chini ya boti umeuma bisibisi!"

"Sauti..."

"Usiniite! Nilikupenda kama mjinga. Nilikuwa nahesabu saa mpaka saa saba ifike! Mama Mdogo ameosha mapazia mara mbili kwa ajili ya mjomba wako!"

Fundi alikuwa amekwisha kuiona skrini. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akafungua kinywa aeleze, halafu macho yakamtoka.

"Taa," akanong'ona.

"Taa gani?"

Taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka. Mkoba ulikuwa umekalia kitufe cha kipaza sauti, na kila boti ndani ya ghuba ilikuwa imesikia habari za mapazia. Fundi akaunyanyua taratibu. Taa ikazimika, na redioni ikatoka sauti ya mama mtu mzima, imetulia tuli.

"Gati, Gati. Hapa mke wa daktari wa meno. Huyo mwanamke wa kisiwani ni mimi. Nina miaka sitini na minne, na anayenipeleka ni mume wangu. Fundi alituazima kidude chake baada ya chetu kufa. Narudia, mume wangu."

"Ndiyo mimi," sauti ya mzee ikadakia kwa mbali.

"Fundi, piga magoti!" akapayuka mwingine. Mwingine akapiga honi, na honi zikaitikiana ghuba nzima.

Sauti alishika kipaza sauti. "Boti zote... naomba muache njia hii wazi kwa mawasiliano ya lazima."

"Nakusikia vizuri, binti," akajibu mke wa daktari. "Lakini hili nalo ni la lazima."

Fundi hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbali kidogo.

"Kosa ni langu kwanza," akasema. "Chao kilikufa siku moja kabla ya sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao. Nikang'oa changu nikawafungia, nikasema ni siku mbili. Sikuibadilisha namba, kwa hiyo hewani wao ni mimi. Haifai. Wangepata ajali, watu wangetafuta boti yangu, nayo iko juu ya magogo. Niliona aibu kukuambia, maana wewe ndiwe ofisi. Leo nakitoa na ripoti naandika mwenyewe."

"Fundi, nisamehe, mimi..."

"Lakini wiki tatu, Sauti. Umeniona huko wiki tatu, hukuniuliza."

"Nilikuuliza uko wapi."

"Uliniuliza ukiwa na jibu lako tayari." Akasimama. "Nikionyesha kesho kwamba niko safi, keshokutwa itatokea skrini nyingine. Nitaonyesha mpaka lini?"

Akashuka ngazi moja moja. Sauti alibaki na skrini na zamu hadi saa kumi. Kila boti iliyorudi ilimsalimia kwa upole, kama mtu aliyefiwa, na upole huo ulimchoma. Alikuwa amempata mtu aliyemtaka, naye amemfukuza kwa mkono wake mwenyewe.

Saa kumi na dakika mbili alikuwa njiani. Karakana ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na geti lake la mabati lilikuwa wazi. Alifika, akaligeuzia mgongo, akapiga simu akitazama barabarani.

"Niko getini kwako. Njoo."

Fundi alitoka akifuta mikono kwa tambara. "Mbona umesimama hivyo? Ingia. Boti ile pale, haijatoka tangu mvua. Iangalie, uamini."

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Sitaki kuiona ndipo niamini. Nisikilize, usinikatize, nikikatizwa nitalia." Akavuta pumzi. "Kuna mtu alinidanganya, nikakulipiza wewe. Hukustahili. Nilipaswa kukuambia Jumamosi ileile, 'Fundi, naona jambo, linaniumiza, nieleze.' Niliogopa jibu. Nakupenda, na nimetangaza kwa ghuba nzima, siwezi tena kukana. Ukisema hutaki, nitaondoka. Ukisema ulikuwa chini ya boti, ulikuwa chini ya boti."

Fundi alizunguka akaja mbele yake. Alikuwa na grisi shavuni na macho mekundu.

"Ulikuwa unahesabu saa mpaka saa saba?"

"Kati ya yote niliyosema umeshika hilo?"

"Nimeshika yote. Hilo nimelirudia njia nzima." Akacheka kwa shida, kisha akacheka kweli. "Mimi nami sitakuficha kitu tena, hata kiwe cha kuniaibisha. Na wewe ukiona jambo, unaniuliza saa hiyohiyo, hata kama nimeuma bisibisi."

"Nitakuuliza."

"Basi nami nakuuliza. Utaolewa na mimi, Sauti?"

"Nitaolewa na wewe. Ila mjomba?"

"Amenuna. Anasema hajawahi kufukuzwa mahali kabla hajafika."

"Mwambie aje kesho saa kumi. Mapazia bado ni safi."

"Atakuja. Lakini unamjua mjomba, kila anayekutana naye njiani lazima wasalimiane hadi ukoo. Tukichelewa, usipige simu mara ishirini kuuliza tuko wapi."

Sauti akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba, boti bado iko nyuma ya mgongo wake.

"Unasema mnakuja?"

"Nasema tunakuja."

"Basi," akasema, "mimi niko nyumbani, nawasubiri."