Solo ya Modesta

Njegere zilikuwa zimeteremka kutoka Uluguru bado zina umande, na soko la Morogoro halikuwa na pa kukanyaga. Modesta alikuwa ameinama, kitenge chake cha njano amekipandisha kidogo kisiguse tope, anachagua fungu, mara mkono wa mwanamume ukatua kwenye fungu hilohilo.

"Kaka, mimi nimefika kwanza," alisema bila kuinua kichwa.

"Siku zote unafika kwanza, Mode."

Hakuna aliyemwita Mode tangu Mindu Rockers wavunjike. Aliinua macho. Jinzi iliyopauka, shati jeusi limenyooshwa kwa pasi, ndevu zina mvi, vidole virefu visivyotulia.

"Athanas Mkude! Umezeeka vibaya."

"Na wewe umenenepa vizuri."

Modesta alicheka mpaka muuza njegere akacheka naye.

Enzi zao, Mindu Rockers ndiyo ilikuwa bendi ya roki, na Athanas ndiye aliyeshika gitaa la solo. Likilia, vioo vya ukumbi vilitetemeka, na Modesta alikuwa mbele ya spika, viatu vya mchuchumio ameviazima kwa dada yake Cecilia. Kisha serikali ikafungulia biashara ya nje, mashine za disko zikaingia nchini, na mwenye ukumbi akaona mtu mmoja na kanda zake anatosha. Bendi nzima ikaambiwa kwaheri. Athanas akahamia Dar. Modesta akakataa kumfuata, akabaki na ualimu wake, akaolewa, akafiwa na mume. Ndoa ya Athanas nayo ilivunjika hukohuko.

Baada ya siku ile ya sokoni, simu ya Modesta haikupoa. Athanas alibipu, yeye akabipu, mpaka mmoja aliposhindwa uvumilivu akapiga.

"Bendi ulishaacha?"

"Bendi ziliniacha zenyewe, mpenzi. Sasa napiga muziki wa filamu za video. Wananiletea vipande, nazima sauti, naangalia picha tu, napiga."

"Sauti unazima ya nini?"

"Nikisikia maneno, vidole vinafuata maneno. Nataka vifuate mtu. Zamani niliwachezesha watu, siku hizi nawaliza."

"Mimi huniwezi."

"Wewe una solo yako. Au umeisahau?"

Angeisahauje? Athanas aliitunga kwa ajili yake, akampigia mazoezini wenzake wakiwa hawajafika, wala haikuwahi kupigwa mbele ya watu.

Masika yalipokwisha, Athanas akatamka: anataka kuoa. Kwa Waluguru, neno kama hilo hupelekwa kwa mjomba, kaka yake mama. Mjomba Yakobo akakubali kushuka mlimani Jumapili, amsikilize mshenga nyumbani kwa Modesta, Bigwa.

Siku chache kabla, Cecilia alikuja na filamu mpya. "Muziki wa shemeji huo!" Majirani wakajaa sebuleni.

Akatokea mwanamke mwenye gauni jekundu, na solo ya Modesta ikaanza. Kila alipotokea, solo. Mwanamke akamtilia mumewe sumu kwenye uji, mume akafa, solo ikalia. Mpaka watoto wakaishika. Wakiisikia tu, wanapiga kelele: "Muuaji huyo anakuja!"

Cecilia alimgeukia. "Dada, si ile ya kwako hii, unayoipiga mluzi jikoni?"

Modesta, mjane, aliinuka akaingia chumbani. Alizima simu.

Jumapili Athanas alifika mwenyewe, suti ya kijivu imejaa vumbi. Mjomba Yakobo alikuwa barazani na chai yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Tangu lini mposaji akajileta?"

"Mshenga nimemwacha stendi. Simu ya Mode haipatikani. Nimekuja kwanza kuuliza kosa langu."

Modesta akatoka, mikono kiunoni. "Kosa? Umenifanya muuaji mbele ya majirani zangu! Mume wangu alikufa kwa ini, Athanas. Hospitali wanajua, Mungu anajua."

"Sumu? Sumu gani?"

"Ya kwenye uji!"

Athanas alikaa kwenye ngazi. "Mama yangu! Mode, mimi sikuletewa uji. Nililetewa kipande kimoja: mwanamke anafunga mlango, anashuka ngazi, anakwenda bila kugeuka. Bila sauti. Nikasema huyu ni Mode, siku ile tulipoagana, anaondoka ukumbini. Nikapiga yako. Kumbe wao wameichukua wakamvalisha kila anapotokea."

"Filamu nzima hujaiona?"

"Sijaiona."

"Mwanamume mzima, unapiga muziki wa kitu usichokijua!"

"Nilikijua. Ndiyo kazi pekee niliyopiga huku nalia."

Modesta alishusha mikono kiunoni. Mjomba akajifanya anatafuta sukari.

"Unajua kwa nini sikugeuka?" Modesta alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka. Ningegeuka, ningepanda basi moja na wewe, na kazi ningeiacha."

"Miaka yote hii nilidhani hukujali."

"Uliniona mgongo tu."

Athanas alisimama. Alimtazama usoni, mikunjo na yote, naye Modesta hakukwepesha macho.

"Dar siendi," alisema. "Hata leo."

"Gitaa linabebeka, Mode. Vipande wataniletea hapa."

"Na sauti utaifungua. Utasikiliza kila neno mpaka mwisho, mimi nikiwa pembeni."

"Nitafungua."

Modesta alimgeukia mjomba wake. "Mjomba, mwambie akamlete mshenga wake. Mimi nabandika wali."