Mistari Mgongoni mwa Bwana Afya

Jioni hiyo kinyozi alifunga duka mapema kidogo, akakung'uta nywele za watu kwenye shati lake, akapitia buchani kuchukua mapupu.

Mapupu hayakuwa yake. Yalikuwa ya Bwana Afya.

Bwana Afya alikuwa paka dume wa kijivu, mwenye pengo kwenye sikio la kulia. Kinyozi alimpa jina hilo kwa sababu hakuna sufuria iliyofunuliwa wala mfuko ulioingia mle ndani bila yeye kuukagua kwanza, taratibu, kwa uso wa mtu anayetafuta sababu ya kukufungia biashara.

"Mkaguzi hajambo?" muuza nyama aliuliza, akiyafunga mapupu kwenye gazeti.

"Hajambo. Ila jana kanisukuma mpaka ukingoni mwa kitanda."

"We endelea kumdekeza tu. Siku moja utakuta kabadilisha kitasa."

Wakacheka. Kinyozi aliuvuta mcheko wake makusudi, maana akitoka pale ndiyo basi tena. Hakukuwa na mtu mwingine wa kusema naye mpaka aingie mteja wa kwanza kesho yake.

Mkewe alifariki miaka miwili nyuma. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, naye aliolewa mji mwingine. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu. Aliuliza kama baba amekula, baba akajibu amekula, kisha wote wawili wakabaki wanasikilizana pumzi. Vile vyumba viwili vya nyuma ya duka, ambavyo zamani mkewe alivilalamikia kwa ufinyu, sasa vilimpwaya kama koti la kuazima.

Ndipo paka akaja. Mvua ilikuwa inapiga siku hiyo, duka limejaa. Akaingia amelowa chapachapa, akawapita wateja watatu waliokaa benchi, akaruka juu ya kiti cha kunyolea na kujitazama kwenye kioo. Duka zima likaangua kicheko. "Mnyoe huyo kwanza, kawahi!" Tangu hapo hakuondoka.

Kinyozi akajifunza kuishi naye. Akajifunza kuvaa suruali nyeusi na kutoka nayo imeota manyoya. Alizoea kuamshwa alfajiri kwa unyayo baridi puani, na kukuta mjusi asiye na mkia ndani ya kiatu, zawadi iliyoletwa kwa nia njema kabisa. Alijua pia ile hofu ya paka kutorudi siku mbili, ukawa unatokatoka mlangoni unaita kwa sauti ya chini ili majirani wasikuone mwehu, halafu anarudi anachechemea, anakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa.

Kwa hiyo jioni ile, alipofungua mlango wa nyuma na Bwana Afya asitokee kumpokea, akaita kabla hata ya kuufunga mlango.

"We! Mkaguzi! Mapupu haya."

Kimya.

Kisha akasikia mkoromo. Ule mkoromo wa paka anayepapaswa akaridhika, mzito, mfululizo, kama cherehani inayochapa chumba cha jirani. Akausogelea. Chumbani mwanga wa mwisho ulikuwa umebaki dirishani tu, na chini ya dirisha kulikuwa na kiti cha marehemu mkewe. Bwana Afya alikuwa amelala juu yake, macho ameyafumba nusu, shingo ameinyoosha.

Na manyoya ya mgongo wake yalikuwa yanalala.

Yalilala kuanzia kisogoni... taratibu... mpaka mkiani. Yakainuka. Yakalala tena.

Hakukuwa na upepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Kinyozi alisimama na mapupu yake mkononi mpaka damu ikapenya gazeti ikamdondokea kidole cha mguu. Ameshika vichwa vya watu miaka thelathini. Nywele zikipitiwa na mkono, anajua. Ule ulikuwa mkono.

Palikuwa na harufu pia. Harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni muda mrefu.

Akanong'ona jina la mkewe.

Mkono ukasita. Manyoya yakabaki yamebonyea pale pale, katikati ya mgongo. Halafu ukaendelea.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alivuta kigoda, akakaa, na machozi yakamtoka bila kelele.

"Karibu," akasema. "Karibu nyumbani."

*

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye alipolikumbuka. Mambo yalianza giza likianza kuingia, yakaisha taa ikiwashwa. Basi akaacha kuwasha taa mapema. Akawa anamimina vikombe viwili vya chai. Anasimulia mambo ya dukani: nani kaja na upara anataka apunguziwe bei, nani kalala kitini akaota kwa sauti. Hakujibiwa hata mara moja. Lakini mkoromo wa paka ulikuwa unapanda na kushuka kana kwamba kuna mtu anamsikiliza.

Wateja wakamwona amebadilika. "Fundi, umepata mchumba nini?"

"Aa, uzee tu," akajibu, akificha tabasamu nyuma ya mashine.

Bwana Afya ndiye aliyekuwa anakwisha.

Alianza kuacha mapupu. Kisha akaacha hata kukagua. Mfuko unaingia, yeye anautazama kwa mbali, anageuza uso. Mbavu zikaanza kuhesabika. Na mgongoni, kushoto kwa uti, ukatokea mstari mpana usio na manyoya, ngozi imekuwa laini na nyeupe kama kiganja cha mtoto. Kulia kwa uti ukatokea mwingine, mwembamba.

Kila siku ikielekea jioni alikuwa anakwenda mwenyewe kitini. Miguu inamtetemeka, lakini anakwenda.

Jumapili binti alipopiga simu, kinyozi hakuweza kuvumilia.

"Mwanangu, nikikwambia jambo hutaniona nimechanganyikiwa?"

"Niambie, Baba."

"Mama yako anakuja. Jioni. Anakaa kwenye kiti chake, anampapasa paka."

"Baba," binti akasema polepole. "Mama na paka? Umesahau? Akisogelewa na paka macho yanavimba, anapiga chafya mpaka analia. Si ndiyo maana hatukuwahi kufuga?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa analijua jambo hilo siku zote. Alilikunja dogo dogo na kulisukumia ndani kabisa, mahali asipofika.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Nije nikuchukue?"

"Subiri kwanza," akasema, akakata.

Jioni hiyo alikaa karibu zaidi. Akatazama vizuri, kwa jicho la kazi, kama anavyotazama kichwa cha mteja mpya. Manyoya ya kushoto yakalala. Kabla hayajainuka, ya kulia nayo yakalala. Kushoto vidole vilikuwa virefu, vinakwenda kwa pupa. Kulia vilikuwa vidogo, vinakwaruza kidogo, kama vyenye sugu.

Walikuwa wawili.

Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mkewe.

Aliwasha taa kwa mkono uliokosa swichi mara tatu. Usiku kucha hakulala, amemkumbatia paka kifuani.

*

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye makovu ya kucha mikononi. Kinyozi alipofungua kifuniko cha kikapu, daktari alinyoosha mkono kumtoa paka, kisha akaurudisha.

"Huyu umempata wapi, mzee?"

"Alikuja mwenyewe, dukani kwangu. Kwani unamjua?"

Daktari aligusa pengo la sikio. "Hili nililishona mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa. Alikuwa wa mama mmoja fundi cherehani. Alimwita Pamba. Mama yule aliishi peke yake." Akaliachia sikio. "Walimkuta kitini, baada ya siku nne. Paka yuko mapajani."

Kinyozi akavuta kikapu karibu yake.

"Miaka ikapita, akaletwa na mwalimu mstaafu. Kwake aliitwa Karani. Mwalimu naye hakuwa na mtu. Alimleta kwa sababu ya huu." Akaonyesha mstari mwembamba wa kulia. "Nilidhani ni fangasi. Nikampa dawa ya kupaka."

"Na huu mpana?"

"Huu haukuwepo."

Mbwa mmoja aliyekuwa analia chumba cha nyuma akanyamaza.

"Mwalimu yuko wapi?" kinyozi akauliza, ingawa alishajua.

Daktari aliweka kiganja chake juu ya mstari mpana. Kikaonekana kidogo kama cha mtoto. Akakiondoa upesi na kukifuta kwenye koti.

"Mwalimu alikuwa mtu mrefu," akasema tu. "Mikono mirefu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mzee, mwache paka hapa. Namwambia kila mtu kwamba ni fangasi. Lakini wewe mwache hapa. Na wewe nenda kwa mtoto wako, kama unaye."

Bwana Afya alimtazama kinyozi kutoka ndani ya kizimba. Akalia mara moja, kilio kifupi. Kinyozi akapitisha kidole kati ya nondo, akamkuna kidevuni, mahali ambapo hakuna mwingine aliyekuwa anapafikia.

"Nitarudi kukuona," akamwambia.

*

Aliporudi, vyumba vilikuwa vinangoja.

Alifikiria kulala dukani, juu ya benchi. Alifikiria kumpigia binti. Simu alikuwa ameishika mkononi, namba iko mbele yake. Atasema nini? Kwamba anaogopa kiti? Binti ana watoto wadogo, ana kazi, ana mume mwenye nyumba finyu. Akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Jua likazama.

Mwanga ukabaki dirishani tu.

Ile harufu ikaja. Nguo za sandukuni.

Mto wa kiti ukabonyea. Hakuna aliyekuwa juu yake. Ukasikika mkwaruzo mdogo kwenye kitambaa... upande huu... kisha upande ule. Walikuwa wanatafuta. Walipapasa mto, wakapapasa mkono wa kiti, wakapapasa sakafu chini ya kiti, haraka, kama mtu aliyedondosha ufunguo gizani.

Kinyozi akamudu kufungua mdomo.

"Paka hayupo," akanong'ona. "Nimempeleka mbali. Hayupo. Nendeni."

Mkwaruzo ukakoma.

Ukimya ukasimama chumbani. Ulidumu mpaka akaanza kuamini kwamba wamemsikia, kwamba wamekwenda.

Ndipo sauti ikamjia, karibu kabisa na sikio, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu mno bila kuongea.

"Basi wewe."

Mkono ukatua kisogoni pake.

Hakuweza kupiga kelele. Hakuweza kuinuka. Vidole virefu vikaingia kwenye nywele zake, vikateremka taratibu mpaka shingoni, vikarudi juu. Upande wa pili vikaja vile vidogo, vyenye sugu ya sindano. Vilikuwa baridi. Vilikuwa na uangalifu mkubwa, kama vinaogopa kumuumiza. Akatetemeka mwili mzima, akasubiri kufa.

Hakufa.

Vidole vikaendelea kwenda na kurudi. Na baada ya muda asioujua, kinyozi akagundua kwamba kutetemeka kumekwisha, na kwamba koo lake linatoa sauti fulani ya chini, nzito, ambayo hakuifahamu. Tangu siku aliyomzika mkewe hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa. Walimpa mkono, ndiyo, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemgusa.

Aliikumbuka taa. Swichi ilikuwa hatua mbili tu kutoka pale.

Akaikumbuka, akabaki amekaa.

*

Mwezi mmoja baadaye alikwenda kumwona Bwana Afya. Alivaa kofia, ingawa kulikuwa na joto, na alipopita buchani muuza nyama alimtazama mara mbili kabla ya kumtambua.

"Fundi! Mbona umepukutika hivyo? Unaumwa?"

"Niko salama tu," akajibu, bila kusimama.

Bwana Afya alikuwa amenenepa. Manyoya yalikuwa yameota tena, kijivu kilekile, mistari imefunikwa. Alikuwa anakagua begi la daktari kwa ule uso wake wa zamani, na kinyozi akacheka, kicheko halisi.

"Mkaguzi!" akaita, akachutama na kunyoosha mkono. "Njoo, bwana."

Paka akageuka. Akapiga hatua mbili kumwelekea, mkia juu. Kisha akasimama. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama juu kidogo ya bega lake la kushoto, halafu juu ya bega la kulia. Mgongo ukapinda, manyoya yakasimama wima, akafoka na kutokomea chini ya kabati.

Daktari aliitazama kofia ya kinyozi kwa muda mrefu.

"Mzee, ulikwenda kwa mtoto wako?"

"Bado."

"Vua kofia nikuone."

"Siku nyingine, daktari." Akainuka, akiegemea magoti. Alitazama chini ya kabati, yakawaka macho mawili ya kijani. Angependa kumkuna kidevuni mara moja tu. Akarudisha mkono mfukoni. "Asante kwa kumtunza. Usimpe mtu anayeishi peke yake."

"Baki kidogo, tunywe chai. Nitampigia simu huyo mtoto wako sasa hivi, nipe namba."

Maneno hayo yalikuwa mazuri. Mwezi mmoja nyuma angeyashika kwa mikono miwili. Lakini nje vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka, na kinyozi akajikuta anahesabu mitaa iliyobaki mpaka nyumbani.

"Siku nyingine," akasema tena.

Alitembea haraka kuliko miguu yake ilivyoweza. Watu wawili walimsalimu, hakuwasikia. Alifungua mlango wa nyuma, akaufunga kwa ndani kwa funguo. Hakuwasha taa. Akavuta kigoda mpaka mbele ya kile kiti, akakaa akikipa mgongo.

Akavua kofia. Akainamisha kichwa.